Piano Zetu na Fundi Asiyekuwepo: Kutoka Usa River hadi Ukingo wa Ngorongoro

Kutoka Usa River hadi ukingo wa kreta ya Ngorongoro ni safari ya nusu siku kwa gari, lakini hewa hubadilika kana kwamba umevuka nchi kadhaa. Unaanzia penye ubichi wa miteremko ya Meru, unapita uwanda mkavu wa Makuyuni, unaingia kwenye joto na migomba ya Mto wa Mbu, kisha unapanda ukuta wa Bonde la Ufa. Karatu unaikuta kwenye mwinuko wa karibu mita 1,500, penye mashamba ya ngano na mahindi na vumbi jekundu la kiangazi. Ukipita lango la Lodoare unapanda msitu wenye ukungu hadi karibu mita 2,300. Msafiri huvaa sweta na kulivua njiani. Mbao hunywa unyevu na kuutoa, na kila mara huvimba au kusinyaa.

Piano kwa sehemu kubwa ni mbao. Ndiyo maana namna ya kutunza piano za masomo na za jukwaa kaskazini mwa Tanzania haipatikani kwa kunakili mwongozo wa Hamburg au New York. Na haja yenyewe ya utunzaji huo imekwisha kutufikia. Chuo Kikuu cha Tumaini Makumira, cha Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, kinafundisha muziki hadi ngazi ya shahada pale Usa River. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina idara yake ya sanaa bunifu. Zanzibar kuna Dhow Countries Music Academy tangu 2002, na Nairobi kuna Kenya Conservatoire of Music tangu 1944. Karatu haina chuo cha muziki, lakini ina kwaya nyingi, shule, hoteli za watalii, na vijana ambao wakitaka shahada ya muziki bila kwenda mbali watashuka Makumira. Anayetaka kujua kama utunzaji wa ala hizi umefaulu aangalie huku mwisho wa barabara, kwa sababu huku fundi asipofika hakuna mwingine wa kuazima.

Ninashikilia kwamba hewa yetu inasingiziwa. Piano zinakufa kwa kukosa fundi wa kudumu, na zaidi ya yote kwa kukosa fundi wa ile mashine ya ndani ambayo msikilizaji haioni.

Tuifungue basi. Piano kubwa ya kulala, ile ya jukwaani, kwa mfano modeli D ya Steinway yenye urefu wa sentimita 274, ina vitufe 88, nyuzi zaidi ya 220 na vipande vinavyokaribia 12,000. Nyuzi zote kwa pamoja huvuta kwa nguvu ya takriban tani 20, na kinachostahimili mvuto huo ni fremu ya chuma cha kusubu. Chini ya nyuzi kuna ubao wa sauti, mwembamba, wa mti wa sprusi, uliopindwa kidogo kuelekea juu. Ubao huo ndio unaoutoa mlio hewani.

Kati ya kidole na uzi kuna mashine, na hapa ndipo ufundi wenyewe ulipo. Mwaka 1700 hivi Bartolomeo Cristofori, fundi wa Florence, alitegua kitendawili kilichokuwa kimewashinda wengi: nyundo lazima irushwe kuelekea kwenye uzi, iachiwe kabla ya kuufikia, igonge na kurudi yenyewe, la sivyo itaukalia uzi na kuuzima. Mwaka 1821 Sébastien Érard wa Paris aliongeza mtambo unaoiwezesha nyundo kugonga tena kabla kitufe hakijapanda chote. Piano zote za kulala za leo ni wajukuu wa mtambo huo.

Mashine hiyo huishi kwa vipimo vidogo. Nyundo hukaa karibu milimita 45 chini ya uzi. Kitufe hushuka milimita 10 hivi. Nyundo huachiwa ikiwa imebakiza milimita moja na nusu kuufikia uzi, zaidi kidogo upande wa besi. Ikishagonga hukamatwa milimita 15 hivi chini ya uzi, tayari kwa pigo la pili. Vipimo hivi vinategemeana: ukisogeza kimoja, vingine vyote vinadai kukaguliwa upya. Na kazi hiyo hurudiwa kwa vitufe 88, kimoja kimoja, kwa siku kadhaa. Baada yake zinafuata nyundo zenyewe, ambazo kichwa chake ni sufu iliyoshindiliwa. Kwa kugonga nyuzi za chuma sufu hiyo hukakamaa na kuchimbika mifereji. Fundi huisugua kwa msasa na kuichoma kwa sindano hadi sauti irudie ulaini wake.

Kutyuni ni kazi nyingine. Fundi anakaza au kulegeza vigingi vya nyuzi mpaka noti ya A iliyo juu ya C ya kati ipige mitetemo 440 kwa sekunde na noti nyingine zipangwe kwayo. Watu wengi wanapofikiria fundi wa piano wanafikiria kazi hii peke yake. Piano iliyopotea sauti humkera kila mtu. Hata mzee wa kanisa ambaye hakusoma noti atauliza kuna nini leo. Piano yenye mashine iliyohama humkera mpigaji tu, na mpigaji mwenyewe, akiwa mwanafunzi, hudhani kasoro iko mkononi mwake. Nyundo zikiachiwa mapema mno, noti za sauti ndogo kabisa hazitoki. Kijana anabonyeza kwa upole, anasikia kimya, anaongeza nguvu. Baada ya mihula miwili amejifunza kuponda. Mwalimu anamsahihisha kiwiko na bega, kumbe skrubu moja inayoamua wakati wa kuachia nyundo ndiyo iliyohama.

Kwa chuo kikuu hilo ni jambo zito kuliko sauti kupotea. Shuleni mtoto anajifunza kusoma noti, na piano ya wastani inamtosha. Shahada ya upigaji inapima kile hasa ambacho mashine mbovu inakizuia: sauti ndogo iliyo wazi, noti moja kurudiwa haraka, uzito wa vidole vitano kutofautishwa ndani ya koodi moja. Kumtahini mtu kwa mambo hayo kwenye ala isiyoweza kuyafanya ni kumdhulumu.

Turudi kwenye hewa, maana hapo ndipo lawama nyingi huangukia. Hewa ikiwa na unyevu mwingi, ubao wa sauti huvimba, huinuka na kuzikaza nyuzi. Sauti hupanda, hasa katikati ya piano. Hewa ikikauka ubao hulala na sauti hushuka. Mafundi wengi hulenga unyevu wa asilimia 40 hadi 50 usiobadilika-badilika, na neno la kushikilia ni hilo la mwisho. Piano huweza kuzoea mahali pabichi kiasi au pakavu kiasi. Kinachoipasua ni kuhamahama kwa unyevu, na wilaya ya Karatu ina kuhamahama kwingi: masika ya Machi hadi Mei, kiangazi kirefu cha Juni hadi Oktoba, kisha vuli. Juu ukingoni miteremko ya kusini-mashariki hupokea mvua na ukungu, ilhali ukishuka upande wa magharibi kuelekea Oldupai nchi inakauka kabisa. Fikiria piano iliyowekwa kwenye sebule ya hoteli ukingoni: jioni moto wa kuni unawashwa ili wageni waote, hewa inakauka, alfajiri ukungu unapenya dirishani. Ndani ya saa 12 mbao hiyo imepita majira mawili.

Hata hivyo nyanda hizi zina neema ambayo Pwani haina. Dar es Salaam, Bagamoyo na Unguja, hewa ya chumvi hula nyuzi na vigingi, na joto halishuki sana hata usiku. Viwanda vya Ulaya vililijua hilo zamani: kwa ajili ya makoloni ya nchi za joto viliunda piano za pekee, zenye viungo vilivyofungwa kwa skrubu badala ya kutegemea gundi tupu. Karatu na Usa River hakuna chumvi, wala usiku hakuna joto la kuyeyusha gundi. Chumba chenye madirisha yanayofungwa, piano ikae ukuta wa ndani mbali na jua, kipimo cha unyevu ukutani, na mtu wa kukisoma kila asubuhi: hayo yanamaliza sehemu kubwa ya tatizo bila mtambo wowote. Mitambo ipo, vijiti vya joto na vyombo vya maji vinavyofungwa chini ya piano na kujiendesha vyenyewe, lakini inataka umeme usiokatika. Umeme ukikatika siku mbili katikati ya kiangazi, hali iliyodhibitiwa hugeuka ghafla, na ghafla hiyo ndiyo tuliyokuwa tunaikimbia.

Vumbi ni adui wa kweli wa Karatu. Udongo ule mwekundu mwepesi hupita chini ya mlango na kutua kwenye kila pini ya kila kitufe. Kitufe kinaanza kugoma kurudi juu. Hapo mtu mwenye nia njema huleta mafuta ya cherehani, na jambo dogo huwa kubwa: sufu iliyozunguka pini hunywa mafuta, huvimba, hukamata vumbi zaidi, na baada ya miezi michache vitufe kumi vimeganda. Pini ya piano hulainishwa kwa unga mkavu, kama wa grafiti, tena kidogo sana. Kuna nondo wanaokula sufu, panya wanaoibeba kujengea viota, na mchwa ambaye hahitaji kuelezwa kwa msomaji wa nchi hii. Wote hao hushindwa na jambo moja rahisi: piano kufunguliwa na kusafishwa mara kwa mara na mtu anayejua anachokiona.

Zawadi nazo ni sehemu ya mkasa. Piano nyingi za shule na makanisa yetu zimefika kwa wema wa marafiki wa nje. Wema huo siubezi. Lakini mtu hutoa piano mara nyingi kwa sababu kuitengeneza huko kwao kunazidi bei yake, na ala iliyochoka haipati nafuu kwa kusafirishwa katika kontena. Ubao unaoshika vigingi ukishapasuka, hakuna kutyuni kutakakodumu. Nyuzi zinalegea kabla fundi hajafika Makuyuni. Tena piano iliyoshuka nusu ya nusu-toni kwa miaka mingi haivutwi hadi 440 kwa mkupuo mmoja. Itavutwa kwa hatua, na nyuzi zenye kutu zinaweza kukatika. Wengine wanaamua kuiacha chini ilivyo, na kwa kwaya tupu inawezekana. Kwa usharika wa Kilutheri wenye matarumbeta haiwezekani, kwa sababu shaba haishuki kuifuata piano.

Piano kuukuu ina habari nyingine inayotuhusu moja kwa moja. Katika karne ya 19 Zanzibar ilikuwa soko kuu la pembe za ndovu, na miongoni mwa wateja wakubwa walikuwa watengenezaji wa vitufe vya piano. Sultani Said bin Sultan alitia saini mkataba wa biashara na Marekani mwaka 1833, na balozi mdogo wa Marekani alifika Unguja mwaka 1837. Pembe zilizobebwa mabegani kutoka bara, kwa njia za Tabora na Ujiji hadi Bagamoyo, na kwa njia ya Pangani iliyopita nchi za Wamaasai, ziliishia Connecticut, katika viwanda vya Deep River na Ivoryton, ambako zilikatwa vipande vyembamba na kuanikwa juani ndani ya nyumba za vioo ili ziwe nyeupe. Pembe ya Afrika Mashariki ilipendwa kwa ulaini wake na kwa kunyonya jasho la kidole. Gharama ya utelezi huo wa kidole zilikuwa roho za ndovu wasiohesabika, na watu, baadhi yao watumwa, waliofia njiani chini ya mizigo.

Steinway iliacha pembe nchini Marekani katika miaka ya 1950, na mwaka 1989 Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizopeleka hoja ya kupiga marufuku biashara ya kimataifa ya pembe za ndovu chini ya mkataba wa CITES. Hoja ilipita. Leo madume wazee wenye pembe ndefu wanatembea chini ya kreta. Kwa hiyo chuo kinachoahidiwa piano ya zamani kutoka ng'ambo kiulize mapema vitufe vyake vimevikwa nini, kwa sababu pembe hiyo haivuki mpaka bila kibali. Kwangu mimi hii ni zaidi ya habari ya makaratasi. Nchi hizi zilitoa mali ghafi ya piano za dunia, na bado mpingo wa kusini mwa Tanzania unatoa klarineti na obo za dunia, lakini ujuzi wa kuzirekebisha ala hizo haukurudi na meli yoyote.

Kuna wanaosema suala hili limekwisha: nunueni kinanda cha umeme. Kwa kwaya ya Rhotia au Endabash ninakubaliana nao. Kinanda cha umeme hakidai kutyuniwa, kinabebwa kwa bodaboda, na kwaya zetu zimeimba vizuri sana juu yake. Kwa mwanafunzi wa miaka miwili ya mwanzo kinafaa pia. Kwa shahada hakitoshi, kwa sababu sauti yake imerekodiwa kwingine na kidole kinaichagua tu. Tena kikipigwa na umeme uliopanda ghafla, bodi yake ikaungua, mara nyingi ndiyo mwisho wake. Piano ya mbao iliyotunzwa huweza kupita miaka 80, na karibu kila kipande chake mkono wa mtu unaweza kukiunda upya.

Mkono huo tunao. Karatu inajua jambo hili vizuri kwa upande wa magari. Landcruiser iliyoshuka kreta na kupanda tena haingojwi ivunjike. Ikirudi inaingia gereji, inapuliziwa vumbi, inakazwa skrubu, inakaguliwa springi, kwa sababu mwenye kampuni anajua mgeni aliyelipia safari hatasubiri. Vijana wa gereji hizo wanasikia kwa sikio tu bolti iliyolegea. Maseremala wa Mto wa Mbu na Karatu wanajua mbao inavyokwenda masika na kiangazi. Hesabu na subira ya kurekebisha mashine ya piano haipiti uwezo wa watu hawa. Hawajaonyeshwa tu, na hakuna aliyepanga kuwalipa.

Wala masikio si mageni. Mpiga kanuni wa taarab Unguja anatyuni nyuzi zake zaidi ya 70 mwenyewe, kabla ya onyesho na katikati yake. Mwanamuziki Hukwe Zawose, aliyefundisha Bagamoyo na kufariki mwaka 2003, aliunda malimba yake na kuyatyuni kwa mikono yake. Kinshasa, Orkestra ya Wakimbangu iliyoanzishwa mwaka 1994 ilikosa ala, na wanachama wake wakajifunza kutengeneza zilizoharibika na kuunda nyingine. Mpiga piano karibu ndiye mwanamuziki pekee asiyetyuni ala yake, na desturi hiyo tumeichukua pamoja na ala bila kumchukua yule mtu mwingine inayemtegemea.

Ujerumani fundi wa piano husomea kazi hiyo kwa miaka mitatu na nusu, akiwa karakana na darasani kwa zamu. Hatuwezi kufupisha sana. Simu za mkononi siku hizi zina programu zinazoonyesha noti iko wapi, na nizisifu: zimemwondolea mwanafunzi miezi mingi ya kuhesabu mapigo ya sauti kwa sikio. Lakini hazimfundishi kukalisha kigingi ili kisirudi nyuma kesho, wala hazijui nyundo inaachiwa wapi. Hilo linataka mkufunzi, piano za kufungua, na muda.

Kuna kundi ambalo ningeanza nalo. Katika karne ya 19 Paris, kijana asiyeona aitwaye Claude Montal alijifunza kutyuni na kutengeneza piano akiwa katika taasisi ya wasioona, akiambiwa haiwezekani. Mwaka 1836 alichapisha kitabu chake juu ya kutyuni, na kwa zaidi ya karne moja baadaye kazi hii iliwapa riziki maelfu ya wasioona Ulaya. Sisi tunayo shule ya wasioona ya Irente huko Lushoto, iliyo chini ya Kanisa lile lile lenye Makumira, na ile ya Buigiri, Dodoma.  Uhusiano wa kazi kati ya Irente na Makumira, kama ungejengwa, ungekuwa na maana kuliko kontena kumi za piano.

Fedha ndiyo inayobaki. Bajeti ya idara huwa na fungu la kununua na halina fungu la kutunza, kwa sababu ununuzi hupigwa picha. Fundi mmoja akiajiriwa Makumira hatajaza wiki yake kwa piano za chuo peke yake, na hiyo ni nafasi, si kasoro: chuo kimruhusu kuhudumia Arusha, Karatu na hoteli za ukingoni kwa malipo, nusu ya mapato irudi kununulia nyuzi na sufu. Mwenye hoteli anayelipia gari lake kila wiki ataelewa kulipia piano mara mbili kwa mwaka.

Kalenda yenyewe majira yamekwisha kuipanga. Kutyuni kwa kwanza kufanyike Januari, vuli ikishatulia. Kwa pili ni Julai, wiki kadhaa baada ya masika, mbao ikishatoa maji. Piano ya jukwaa ityuniwe pia siku ya kila onyesho. Mashine irekebishwe Agosti na Septemba, wanafunzi wakiwa likizo na vyumba viko huru. Na mwanagenzi wa kwanza akianza Oktoba, asipewe piano ya jukwaa. Apewe ile iliyo stoo, isiyopigika, iliyokwisha kuandikwa kuwa mbovu, ayatoe yote yaliyomo ndani yake, ayapange mezani kwa mpangilio, na ayarudishe.